Canter 4D33 inakata mlimani na mzigo: ripea kiti, pampu nyingine, au ya umeme?

Mtambwe_Kenta
Asalaam aleikum jamaa. Canter ya injini 4D33, nozo pampu (ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozo) ni ya mstari. Ikiwa tupu haina neno. Ikipakia mchanga, kwenye vilima vya njia ya Wete inakata nguvu, moshi mweusi hauongezeki, ukiizima ikapumzika kidogo inaondoka tena. Asubuhi selfu inapigwa sana ndiyo iwake. Filta mpya. Pampu ndogo ya kuvutia dizeli, ile ya ubavuni mwa nozo pampu, ndiyo inayotuhumiwa. Njia ni tatu: ripea kiti (seti ya vipuri vya kutengenezea pampu hiyo), pampu nyingine nzima, au kutia ya umeme. Ipi?

spana17
Waleikum salaam. Ikikata tena, fungua kifuniko cha tangi papo hapo. Kikinyonya hewa kwa sauti na gari ikaondoka, tundu la kupumulia limeziba. Hapo hata utie pampu tatu za umeme, bado itakata.

Fundi_Kwerekwe
Nakubali, ila hapa naona maradhi mawili. Kukata mlimani ni dizeli kutotosha. Selfu ndefu asubuhi ni dizeli kurudi tangini usiku: ama pana pahala panaingiza upepo, ama valvu za pampu ndogo hazifungi. Na upande wa tangi mpaka pampu ni wa kuvutwa, kwa hiyo mpira ukipasuka unaweza usivuje hata tone, unanyonya upepo tu. Kutafuta pahala palipolowa hakusaidii.

Kwanza fungua boliti yenye tundu inayoingiza dizeli kwenye pampu ndogo. Aina nyingi zina kichujio cha wavu ndani yake, na wanaobadilisha filta kubwa kila mara hukisahau. Kutu za tangi hujaa humo.

Kisha pima kwa dumu. Chukua dumu la lita 5 la dizeli safi, lifunge imara juu zaidi ya pampu na mbali na ekzosi. Mpira wa kuingiza utoke kwenye dumu, na wa kurudisha nao urudi humo humo, la sivyo dumu litakauka njiani. Toa upepo, panda kilima kile kile na mzigo ule ule. Ikivuta, pampu haina kosa. Kamata tangi, bomba na mipira. Ikikata vilevile, ndiyo tuzungumze pampu.

Mkono wako nao unapima. Ukipampu kwa mkono, kifundo cha juu ya pampu ndogo kikiwa kigumu kuvuta juu, pameziba kabla ya pampu. Kikiwa kigumu kushuka, pameziba mbele, kwenye filta. Kikienda bure bure, ni upepo au valvu.

Kama ni valvu, mie nasema ripea kiti. Ni springi, valvu mbili na washa. Kazi ya saa moja.

Gereji_Mkoani
Hapo kwenye kiti tusiharakishe, fundi. Chomoa kwanza stiki ya oili. Ikiwa oili imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, kijiti kinachosukuma plunja (pistoni ya pampu ndogo) kimelika pamoja na tundu lake, na dizeli inapita kuingia kwenye injini. Kiti hakitibu hilo. Hapo ni pampu nyingine, umwage oili na filta yake, maana oili iliyochanganyika na dizeli inakula beringi.

Kuna kitu kingine hakijatajwa: valvu ya kurudishia, kwenye boliti ya mpira wa kurudi. Springi yake ikilegea, dizeli yote inakimbilia tangini na nozo pampu inabaki na presha ndogo. Ina bei ndogo kuliko njia zote tatu. Pampu nyingi za mstari huifungua kwenye ba (kipimo cha presha) 1 hadi 1.5, tia geji baada ya filta, uangalie kwenye rezi kubwa.

Mtambwe_Kenta
Shukran. Na ya umeme mbona hamuisemi?

Fundi_Kwerekwe
Kwa sababu inaficha ugonjwa. Ukiifunga karibu na tangi, laini iliyokuwa inanyonya upepo sasa inasukumwa, na pale penye ufa pataanza kumwaga dizeli. Ukiitaka lazima: hakikisha volti (Canter nyingi za Japani ni 24, usinunue ya 12), tia filta ndogo kabla yake, na waya upite kwenye rilei (swichi ya umeme) inayokata presha ya oili ikipotea, ili gari ikipinduka au injini ikizima isiendelee kusukuma. Pampu ndogo isitolewe, iache palepale.

spana17
Wenye nozo pampu ya mzunguko wasiige hivyo hivyo. Ile ina pampu yake ya ndani, na presha ya kuingilia ikizidi inabadilisha taiming (wakati wa kupiga dizeli) na kusumbua sili ya mbele. Isipite nusu ba.

Gereji_Mkoani
Na washa za shaba usirudishe zilivyo. Zipashe moto mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize majini zilainike, au nunua mpya. Ukimaliza, toa upepo kwenye filta kwanza, povu likiisha kaza huku dizeli inatoka, ndipo uende skrubu ya nozo pampu. Kifundo cha pampu ya mkono kikaze mpaka chini. Kikibaki kimelegea, hapo hapo ndipo upepo utakapoingilia.