Wigi la nywele za binadamu linajifunga mafundo kisogoni baada ya kuoshwa mara 3: nakosea wapi?

Mvaaji Mgeni

Ndugu zangu, salamu. Nina wigi la nywele za binadamu lenye urefu wa inchi 18 na wavu upande wa mbele, ambalo nimelivaa karibu kila siku kwa miezi 2. Lilipokuwa jipya, chanuo lilipita kutoka juu hadi chini bila kukwama hata mara moja. Tangu hapo nimeliosha mara 3 tu, na kila nikimaliza naliona limezidi kuharibika: ncha zimekauka, na pale kisogoni panapogusana na ukosi wa nguo nywele zinajifunga mafundo ambayo nikiyachana hubaki na nywele mkononi. Ninaliosha kama ninavyoosha nywele zangu mwenyewe, yaani nalilowesha kwenye beseni, nalifikicha kwa shampuu mpaka povu lijae, nalisuuza kwa maji ya moto, nalikamua, kisha nalianika juani. Likikauka nalipaka mafuta mazito kuanzia shinani ili lisikakamae. Naomba kujua kama niliuziwa kitu kibovu au ni mikono yangu, na kama bado linaokoleka.

Msusi wa Siku Nyingi

Dada yangu, kuliosha kama nywele za kichwani ndilo kosa lenyewe, na usione haya, kwa kuwa wengi wetu tulilijua hilo baada ya kuharibu kwanza. Nywele iliyo kichwani hupata mafuta kutoka kwenye ngozi, nayo hushuka polepole kila unapochana. Nywele ya wigi imetengwa na chanzo hicho, kwa hiyo kile ambacho shampuu imekiondoa hakirudi mpaka ukirudishe wewe. Tena unywele wa binadamu umefunikwa na vigamba vidogo mno vinavyolala kuelekea nchani, mfano wa vigae juu ya paa. Ukiufikicha ukiwa umelowa, vigamba huinuka na kunasana, na kwa kuwa unywele uliolowa ni dhaifu kuliko mkavu, fundo likishajikaza chanuo haliwezi kulifungua bila kukata.

Mimi hulichana wigi kwanza likiwa kavu, kwa chanuo lenye meno mapana, nikianzia nchani na kupanda kidogo kidogo huku mkono mwingine ukishika nywele juu ya pale ninapochana ili mvuto usifike kwenye wavu. Kisha napitisha maji ya uvuguvugu kutoka shinani kwenda nchani, kwa mwelekeo huo mmoja tu, na shampuu isiyo na sulfeti, yaani ile kemikali kali ya kutoa povu, naichanganya na maji kabla ya kuishusha kwa viganja bila kusugua. Kondishena naianzisha katikati na kuiishilizia nchani, naiacha dakika 5 hadi 10, na wavu siugusi nayo kabisa. Nywele za pale zimefungwa moja moja kwa vifundo vidogo ambavyo vikilainishwa hulegea na kuziachia. Ndiyo maana nayashuku sana hayo mafuta unayopaka shinani. Kukamua uache. Libonyeze ndani ya taulo, kisha litundike kwenye stendi mahali penye hewa na kivuli, maana jua hukausha nywele na kupausha rangi.

Mvaaji wa Miaka Mingi

Nakubaliana na msusi kuhusu kuosha, ila si haki kumbebesha mwenye swali lawama yote. Yapo mawigi ya nywele za binadamu kweli kweli ambayo nywele zake zilikusanywa ovyo, mashina na ncha zikachanganywa, hivyo vigamba vinaelekea huku na huku. Ili zisinasane, watengenezaji wengine huviondoa vigamba kwa asidi, kisha huzipaka silikoni zing'ae. Silikoni hiyo hutoka kwa kuoshwa, na hadithi inayofuata ni kama hii tuliyoisoma: wigi lililoteleza dukani linageuka kichaka baada ya maji machache.

Chukua kishungi chembamba, kishike kwa vidole viwili na uvipitishe kutoka shinani kwenda nchani, halafu urudi juu. Kikiteleza kwenda chini na kukwaruza kidogo kurudi juu, vigamba vipo na vimepangwa sawa. Ukiona pande zote ni sawa, huenda vigamba havipo, na hakuna kondishena itakayovirudisha.

Mvaaji Mgeni

Nawashukuru nyote wawili. Nimejaribu vishungi vitatu, na vyote vinakwaruza kurudi juu, kwa hiyo nakiri kwamba ni mikono yangu. Sikusema pia kwamba hulipiga pasi ya nywele kwenye nyuzi 220 kila asubuhi, na kwamba mara mbili tatu nimelala nalo kichwani. Je, niliosha mara chache mno, na mafundo ya kisogoni niyafanyeje?

Msusi wa Siku Nyingi

Afadhali umesema. Nyuzi 220 ni nyingi hata kwa nywele inayoota. Kwa wigi mimi sizidishi 180, na likiwa limepaushwa rangi nashuka chini ya hapo, baada ya kupaka kinga ya joto na kuhakikisha limekauka kabisa. Kila asubuhi ni mno. Kulala nalo uache, kwa sababu mto ni msuguano wa saa nyingi. Livue, lichane, liweke kwenye stendi au ndani ya mfuko wa satini. Kuhusu kuosha, mwenye kulivaa kila siku anaweza kuosha baada ya kulivaa mara 10 hivi, au mapema zaidi akitoka jasho jingi.

Kisogoni, paka kondishena kwenye fundo lenyewe, subiri kidogo, ulitenganishe kwa vidole kabla ya kuleta chanuo, na siku unazovaa nguo yenye ukosi mgumu ufunge nywele kwa juu. Nchani, palipoungua hapaponi, kwa hiyo inchi 1 au 2 zikatwe. Kazi hiyo mwachie mtu mwenye mkasi wa nywele, nawe uwe umelivaa, kwa maana likiwa kwenye stendi urefu hudanganya.

Mvaaji wa Miaka Mingi

Niongeze kwamba nywele zako zilizosukwa chini ya wigi zikauke kabisa kabla hujalivaa, la sivyo unyevu unaobaki huko ndani utaleta muwasho na harufu, nawe utajikuta unaliosha wigi kwa kosa lisilo lake.