Mnatutumia taarifa za malipo zisizo na sahihi, kisha hasara mnatuachia sisi

Ndugu zangu mnaounganisha mifumo ya malipo hapa Nairobi, nimeiandikia barua pepe tatu kampuni inayotuunganisha na malipo ya simu, kuhusu taarifa bandia ya malipo iliyotutia hasara, na jibu pekee nililopata ni kwamba tuifanye siri anwani yetu ya kupokelea taarifa, yaani anwani ya mtandaoni ambako seva yao hutuarifu kwamba mteja amelipa. Jibu hilo limeniudhi kuliko hasara yenyewe.

Ninasimamia mfumo wa duka la jumla la gesi ya kupikia huko Kariobangi. Jumanne iliyopita, saa kumi na moja jioni, skrini ya muuzaji ilionyesha alama ya kijani kwamba mitungi sita ya kilo 13 imelipiwa, ikapakiwa kwenye tuktuk, ikaenda. Usiku tulipolinganisha hesabu na akaunti, hapakuwa na hata shilingi moja. Nilifungua kumbukumbu za seva nikaukuta ujumbe wenyewe: nambari ya simu, kiasi, msimbo wa risiti, kila kitu mahali pake, ila haukutoka kwao. Niliuweka sambamba na ujumbe wao wa kweli nikatafuta tofauti kwa nusu saa, na sikuona nyingine isipokuwa anwani ya IP ya mtumaji, yaani nambari inayotambulisha kompyuta yake mtandaoni. Yeyote anayeijua anwani yetu ya kupokelea taarifa angeweza kuuandika, kwa kuwa hata ujumbe wao halali haubebi chochote cha kuthibitisha umetoka kwa nani.

Anwani hiyo si nenosiri. Huandikwa kwenye kumbukumbu za seva, hupitia mikononi mwa mafundi, na fundi akiondoka huondoka nayo. Nilipoomba orodha ya anwani za IP za seva zao ili nizifungie nje nyingine zote, niliambiwa kwamba hubadilika wakati wowote.

Dawa ipo, na si ngeni: njia ya HMAC, ya kutia ujumbe sahihi kwa ufunguo wa siri, ilichapishwa mwaka 1996. Mtumaji na mpokeaji wanakuwa na ufunguo mmoja wa siri. Mtumaji anaupitisha ujumbe, pamoja na saa ya kutumwa, kwenye hesabu ya SHA-256, inayougeuza kuwa msururu mfupi wa herufi, kwa ufunguo huo na kuambatisha matokeo, ambayo ndiyo sahihi, naye mpokeaji anairudia hesabu ile ile, na matokeo yakitofautiana hata kwa herufi moja ujumbe unakataliwa. Saa inawekwa ili ujumbe wa kweli wa jana usitumwe tena leo. Kama hawaitaki njia hiyo, basi watumie TLS, njia ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, ya pande mbili, ambapo seva yetu inadai cheti cha seva yao, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, kabla ya kupokea neno lolote. TLS ya kawaida, wanayojivunia kwenye tovuti yao, inawathibitishia wao kwamba wamefika kwetu; haituambii lolote kuhusu aliyebisha hodi.

Na kuna baya zaidi. Mfano wa msimbo wa programu wanaowapa wateja wapya una mstari unaozima ukaguzi wa cheti, eti uwekwe ili hitilafu za muunganisho ziondoke. Ni kweli zinaondoka. Programu inaendelea kusimba data, yaani kuifumba wengine wasiisome, bila kujua inamsimbia nani, na aliyejipenyeza katikati ya njia na cheti alichojitengenezea mwenyewe anapokewa na kukabidhiwa majina na nambari za simu za wateja wetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatupa saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data pale uvujaji unapoleta hatari ya kweli kwa wenye data. Atakayeiandika barua hiyo ni mimi, si yule aliyeuandika mstari ule.

Kwa sasa kila taarifa ikiingia tunaiuliza kwanza seva yao hali ya muamala, hatua ambayo mwongozo wao ulisema haihitajiki, na jioni wateja wanasimama foleni wakingoja jibu. Ninachodai ni ufunguo wa kutia sahihi, mstari ule uondolewe, na mitungi sita ilipwe. Aliyewahi kupata ufunguo wa namna hiyo kwa mtoa huduma yeyote hapa mjini, tafadhali anieleze aliombaje na ulichukua siku ngapi.