India wanaruhusiwa kuzima intaneti bila kikomo?

MamaShali_Kariakoo: Wakuu, naagiza shali kutoka Srinagar. Kule Kashmir walizimiwa intaneti Agosti 2019, 4G ikarudi Februari 2021. Sheria yao inaruhusu?

Wakili_Sinza: Dada, Januari 2020 Mahakama ya Juu ya India ilisema kuzima bila ukomo ni marufuku, na amri lazima itangazwe ili watu waweze kuipinga. Ila haikuagiza mtandao uwashwe papo hapo.

FundiSimu: Walianza kurudishiwa 2G, tena kwa tovuti zilizoidhinishwa tu. Picha ya shali utaisubiri mpaka uchoke.

MamaShali_Kariakoo: Asante kaka. Sasa fundi wa kudarizi ataisomea wapi hiyo amri, mtandao umezimwa? Waibandike hata sokoni!