Kikundi: Wana wa Bi Mwanaisha 🌴

*Ijumaa*

Shangazi Rukia, 06:41: Asalaam aleikum wanangu. Basi letu linaondoka Tanga saa mbili. Tuko tisa. Nimefunga jogoo wawili, maziwa mgando ya Pongwe na balungi za Muheza kikapu kizima. Mwambieni Salimu tunakuja kumpa pole.

Zuhura, 06:44: Waaleikum salaam, shikamoo shangazi. Nakuomba kwa heshima zote, basi hilo msipande.

Shangazi Rukia, 06:45: Marahaba. Tusipande vipi na nauli imeshalipwa?

Ami Juma, 06:49: Zuhura mwanangu, mtu kakaa India miezi mitano, Mungu kamrudisha, halafu sisi ndugu tumwone kwenye picha?

Zuhura, 06:53: Shikamoo ami. Karudi, hajapona. Leo siku ya 118 tangu awekewe chembe za uloto, zile zinazotengeneza damu, za dada yake Mishi kwa ajili ya ile saratani. Kinga yake ni ya kitoto. Hata chanjo za udogoni hazihesabiki tena, ataanza upya, na ya surua haigusi mpaka miaka 2 ipite.

Shangazi Rukia, 06:54: Mtoto mchanga naye huonwa.

Zuhura, 06:55: Baada ya arobaini, shangazi. Huyu arobaini yake ndefu kidogo.

Ami Juma, 06:55: 😂 Kakupata hapo Rukia.

Asha, 07:01: Wifi mimi ndiyo nilitaka nije na mdogo wangu huyu. Ana wiki 6, jana kapewa chanjo na matone.

Saumu, 07:03: Asha hapana!! Matone ya polio yana kirusi hai, wamekipunguza nguvu tu. Kinatoka kwenye choo cha mtoto wiki kadhaa. Wewe na mimi hakitufanyi kitu. Salimu siyo wewe na mimi.

Asha, 07:03: Astaghfirullah. Na nepi ningembadilishia hapohapo sebuleni.

Saumu, 07:06: Na shangazi, samahani, kikapu chako chote hakifai. Maziwa hayakuchemshwa. Jogoo ana vumbi na mavi, ukungu wake unaingia mapafuni. Balungi ndiyo kabisa, linapandisha dawa yake kwenye damu mpaka figo zinaumia. Na kama kuna chupa ya mwarobaini humo (najua ipo) iache.

Shangazi Rukia, 07:07: Nani kakwambia ipo?

Saumu, 07:07: Nakujua.

Ami Juma, 07:10: Haya, dawa ipi hiyo inayogombana na matunda?

Zuhura, 07:14: Takrolimasi, ami. Anameza asubuhi na jioni, saa ileile. Siku ya kipimo cha damu anaenda na kidonge mfukoni, anachomwa kwanza ndipo ameze. Inazituliza chembe za Mishi zisimshambulie. Jumanne zilichachamaa. Viganja vyekundu kama kapaka hina, masikio yanawasha, nyayo zinawaka. Tumeongezewa prednisoloni na mafuta ya kupaka.

Ami Juma, 07:16: Si mlituambia damu imekubali? Mlisema mlipimwa ndugu wanne na Mishi ndiye kafanana naye kabisa.

Saumu, 07:19: Imekubali ami, tena vizuri. Ukipewa figo, mwenyeji ndiye anamkataa mgeni. Kwenye uloto mgeni ndiye anamkataa mwenyeji. Anaingia nyumbani kwako anakuuliza wewe nani. Ikiwa kidogo madaktari hawakasiriki sana, maana chembe hizohizo ndizo zinazowinda saratani iliyojificha.

Mishi, 07:20: *Ujumbe huu umefutwa*

Mishi, 07:22: *Ujumbe huu umefutwa*

Zuhura, 07:23: Wifi?

Mishi, 07:29: Kwa hiyo ni mimi. Nilichomwa sindano siku 5, kiuno kinauma kama nina uchungu wa kuzaa. Nikalala kwenye mashine ya kuchuja chembe kwa muda wa saa 5, mikono yote miwili imetobolewa, pua inawasha, Zuhura ndiye alinikuna. Nilipoona ule mfuko, mwekundu mwepesi kama supu ya nyanya, nikalia. Nikajua nimempa kaka yangu uhai. Kumbe nimempa moto. Jumanne yote nilikuwa naangalia viganja vyangu mwenyewe.

Asha, 07:30: Jamani Mishi 😢

Salimu, 07:38: Nimeamka. Mishi, tangu udogo unanipiga na Mama anasema "muacheni, dada yake huyo". Leo ndiyo umeona vibaya?

Salimu, 07:40: Bila mfuko ule nisingefika siku ya 118. Siku ya 10 mdomo ulikuwa vidonda vitupu, mate siwezi kumeza. Siku ya 17 daktari kaingia kanionyesha vidole vitano: chembe nyeupe 500, yaani zimeshaota. Zilikuwa zako zote.

Salimu, 07:43: Halafu sikieni. Nilizaliwa na damu kundi O. Juzi maabara imetoka A, kama Mishi. Kijana wa watu kanirudisha kwenye kiti kunichoma tena, anadhani kachanganya vichupa. Na wakitafuta jinsia kwenye damu yangu wanamkuta mwanamke.

Ami Juma, 07:44: 🤣🤣🤣

Shangazi Rukia, 07:45: Subhanallah. Sasa kwenye mirathi utahesabiwa fungu gani?

Salimu, 07:46: Shangazi usiniwahi, sijafa.

Mishi, 07:47: Mjinga wewe 😭😂 Ningekuja leo ila nina mafua.

Salimu, 07:47: Usije. Uko huku tayari.

Zuhura, 07:52: Tuelewane basi. Mtu mmoja, barakoa usoni, asiwe na mafua wala kikohozi. Atakaa barazani, Salimu atakuwa ndani dirishani. Chakula napika mwenyewe, cha moto, kachumbari hakuna. Na homa yake ikifika 38 tunafunga mlango na kwenda hospitali, usiku au mchana, mgeni atatusamehe.

Shangazi Rukia, 07:54: Mimi ndiye wa baba yake. Wengine shukeni.

Ami Juma, 07:55: Nimeshuka. Nauli yangu konda anairudisha?

Shangazi Rukia, 07:56: Mtumie Salimu ya dawa, konda muache.

Salimu, 07:58: Njoo saa kumi na moja shangazi. Jua kali linanitoa vipele.

Zuhura, 07:59: Kikapu kimebaki kwa Asha?

Shangazi Rukia, 08:02: Balungi zimebaki. Maziwa kanywa Juma.

Zuhura, 08:02: Na jogoo?

Shangazi Rukia, 08:09: Basi limeondoka mwanangu.

Zuhura, 08:09: SHANGAZI.

Shangazi Rukia, 08:10: Nitawafunga kwa jirani.