Gego linaniua na pesa hakuna, niko Amu (mji wa Lamu), nifanyeje?

MwanaLangoni
Assalam aleikum jamani, na wengine habari zenu. Naomba rai zenu haraka mwenzenu silali. Nina gego la chini kushoto lina tundu la siku nyingi, zamani likiguswa na kitu baridi ama tamu ndio lauma basi nikawa natafunia upande wa pili maisha yanaenda. Sasa tangu juzi limegeuka, lapwita lenyewe bila kuguswa, laenda mpaka sikioni, nikilala ndio lazidi kwa hivyo nakaa kitako mpaka adhana ya alfajiri. Shavu limeanza kufura kidogo na kwenye ufizi kuna kitu kama kijipu.

Shida ni pesa. Mume wangu mvuvi na mwajua kusi likishakaza, mashua zimelala tu, hakuna anayetoka nje ya mlango wa bahari. Mimi nauza mahamri na viazi vya karai asubuhi lakini pesa hiyo ndiyo ya unga na ndiyo ya mafuta. Nilipita kliniki moja ya kulipia nikaambiwa lafaa ruti kanali, elfu kumi na mbili, na nusu nitoe kabla sijakaa kwenye kiti. Nikashukuru nikatoka. Kwa kemisti nikauziwa amoksilini, ati "meza utapoa", nameza sioni kitu.

Nina kama elfu moja. Jirani aniambia karafuu, mwengine tumbaku, mwengine ati pamba ya maji ya betri!! Ningoje dawa ishike ama? Na hiyo ruti kanali ni lazima?

MswakiNaMaji
Pole sana dada. Nafanya kazi chumba cha meno hospitali ya serikali huku huku pwani. Sijauona mdomo wako kwa hivyo chukua haya kama maongezi sio matibabu, lakini vile ulivyoeleza nayasikia kila Jumatatu.

Kwanza hiyo amoksilini. Ndani ya jino kuna mshipa mdogo wenye damu yake, tundu likiufikia unaoza, na ukishaoza damu haipiti tena hapo, sasa dawa unayomeza itafikaje? Itapunguza uvimbe wa pembeni siku mbili tatu, ukimaliza dozi usaha warudi palepale kwa sababu kilichooza bado kimo ndani. Dawa yenyewe ni kutoa uchafu, na njia ni mbili, ama jino lifunguliwe lisafishwe lizibwe (ndio ruti kanali) ama ling'olewe. Zote ni tiba halali. Ruti kanali inakuachia jino, kung'oa kunakuachia pengo na pesa yako. Kwa hivyo hapana sio lazima, na mtu asikufanye uone haya kwa kuchagua kung'oa kama hali ndio hiyo.

Pili nenda hospitali ya kaunti ya King Fahd hapo hapo Amu, asubuhi mapema, uliza chumba cha meno. Kung'oa hospitali ya kaunti ni bei ya chini sana ukilinganisha na uliyotajiwa. Wala usikubali ile hadithi kwamba jino lenye usaha haling'olewi mpaka uvimbe ushuke. Kweli ganzi hushika kwa shida mahali penye usaha, lakini gego la chini sindano yake haipigwi hapo penye jipu, hupigwa nyuma kabisa kwenye pembe ya taya, mdomo na nusu ya ulimi vinakufa ganzi. Ukiona bado wasikia uchungu sema, mtu aongeze. Usikaze meno kishujaa.

Ya kushikilia mpaka asubuhi: Panadol mbili (zile za miligramu 500) kila baada ya saa sita, zisizidi nane kwa siku nzima usiku na mchana. Juu yake waweza kuongeza Brufen ya 400 kila baada ya saa nane, umekula kitu kwanza. Hizo mbili pamoja zashinda sindano nyingi mnazokimbilia. LAKINI Brufen usiguse kama una mimba, vidonda vya tumbo, figo, pumu inayochokozwa na dawa kama hizo ama unatumia dawa za presha, hapo bakia na Panadol. Na tazameni vile vidonge vya mchanganyiko vya dukani, vingi ndani mna parasitamo ile ile, mtu ameza vyote viwili bila kujua ini ndio lalipa. Maji ya moto kiasi na chumvi sukutua. Lala na mito miwili, ukilala chali damu inajaa kichwani ndio maana lapwita zaidi.

Maji ya betri ni asidi. Niliona kijana ufizi umebabuka mpaka mfupa waonekana, na jino bado lauma. Aspirini kuibandika kwenye ufizi pia yaunguza.

Sasa hili lisome mara mbili. Ukiona uvimbe washuka shingoni ama wapanda jichoni, ama wameza mate kwa taabu, ama mdomo haufunguki vizuri, ama chini ya ulimi pamefura, ama homa na baridi, hapo hakuna kungoja asubuhi wala kuhesabu pesa. Usaha wa gego la chini ukiteremka shingoni huziba pumzi.

BintiShela1
Karafuu isitukanwe jamani, yasaidia, lakini kwa mpango. Chovya pamba ndogo kwenye mafuta yake, kamua, weka ndani ya tundu lenyewe tu na usiache ikamwagikia ufizi kwa sababu nayo yachoma. Nafuu ya saa moja hivi. Bibi yangu alikuwa akisaga karafuu nzima, nafuu ile ile. Tumbaku ni upuuzi.

Kaka_wa_Barani
Mimi naishi Malindi, nina maneno mawili ya pesa kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanakwama sio kwenye jino.

Moja, SHA, bima ya afya ya serikali. Tangu Oktoba 2024 ile ya zamani, NHIF, haipo, kama hujajiandikisha piga *147# uanze, bure. Kwa zahanati na kituo cha afya ukishajiandikisha huduma za msingi hulipii. Mchango wenyewe kwa sisi wa jua kali huanzia mia tatu kwa mwezi ila wanataka wa mwaka mzima, yaani elfu tatu na mia sita kwa mpigo, ndio maana wengi tumejiandikisha tukaishia hapo. Kwa jino nenda dawati la SHA UULIZE kabla hujapanga foleni ya kulipa, usilipe kwanza ndio uulize.

Mbili, hospitali za serikali zina afisa wa ustawi wa jamii. Ukiwa huna kabisa mwambie muuguzi akuelekeze kwake, utaulizwa maswali ya kukukera kidogo, unafanya kazi gani, nyumba ni yako ama ya kodi, jibu tu. Wanaweza kupunguza ama kusamehe. Mashangazi zangu wawili walisaidiwa hivyo, na wote walikuwa wanaona haya kuomba. Na ikifika ile hali ya hatari alivyosema Mswaki hapo juu, katiba ya 2010 kifungu cha 43 yasema wazi mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mtu wa getini akianza habari ya depositi mtajie hicho kifungu, wengi hunywea.

Usikope kwa simu kwa ajili ya ruti kanali. Hiyo riba itakuuma kuliko gego.

DauLaKizingitini
Mimi siko upande wenu kabisa. Huku visiwani kila mtu ni kung'oa kung'oa, ukitazama wazee wetu wa miaka hamsini hawana magego wanakula wali wa kuponda. Aulize basi kama jino laweza kufunguliwa usaha utoke, litiwe dawa ya muda, halafu ruti kanali aifanye kaskazi likiingia pesa ikipatikana.

Na Amu mwalalamika, sisi wa Pate bahari ikichafuka hata huo mtaa wa Langoni hatuufiki. Tunangojea wale matabibu wa Safari Doctors, wa Umra Omar yule aliyeingia kwenye mashujaa wa CNN 2016, wakipita na mashua, ama mtu avumilie.

MswakiNaMaji
@DauLaKizingitini sikupingi, kufungua na kutia dawa ya muda kupo na dada aulize. Ila ya muda ni ya muda kweli. Watu wakishapoa wanasahau, miezi inapita, kifuniko chapasuka, wanarudi jino limevunjika hata la kuokoa halipo. Kama ni jino la mbele ningekuambia pigania. Gego lenye tundu la miaka na ufizi umetoa jipu, na mfuko ni elfu moja, mimi ningeng'oa halafu pesa ya kaskazi ningeziba yale mengine matundu madogo kabla hayajafika hapo. Kuziba tundu dogo ni rahisi kuliko yote haya.

Na mkiwa mnatafuta mtu wa kulipia tazameni leseni ya baraza la madaktari ukutani, iwe ya mwaka huu. Wale wa koleo na kibegi achaneni nao.

MamaWawiliMaweni
Samahani naingilia, niko Malindi. Mwanangu wa miaka tisa amepigwa na mpira shuleni jino la mbele limetoka ZIMA na mzizi wake, mwalimu amenipa kwenye karatasi. Lafaa kitu ama nitupe?

MswakiNaMaji
USITUPE. Miaka tisa la mbele ni la ukubwani. Lishike kwa kichwa sio mzizi, kama lina mchanga lisuuze haraka kwa maji bila kusugua, lirudishe kwenye tundu lake aume kitambaa, kama huwezi litie kwenye maziwa ya paketi, sio maji, sio karatasi. Tuktuk sasa hivi mpaka hospitali ya Malindi, nusu saa ya kwanza ndio ya dhahabu, saa moja ikipita nafasi yashuka sana. Ingekuwa la utotoni halirudishwi.

MamaWawiliMaweni
Tuko njiani, liko kwenye maziwa. Asante

MwanaLangoni
Asanteni nyote, nimesoma kila kitu. Nilitaka kungoja asubuhi niende King Fahd, lakini tangu magharibi shavu limekuwa gumu, na nikifungua mdomo kidole kimoja tu ndio chapita. Uji nimeshindwa kuumeza vizuri. Nilikuwa nimemeza Panadol na Brufen maumivu yamepungua kwa hivyo sijui kama ni kupata nafuu ama vipi.

MswakiNaMaji
Dada hiyo sio nafuu. Maumivu yamefunikwa na dawa, mdomo wafungika. Nenda USIKU HUU, usiende chumba cha meno kitakuwa kimefungwa, ingia mahali pa dharura uwaambie maneno haya, "gego la chini, shavu limefura, mdomo haufunguki, nameza kwa taabu". Wanaweza kukulaza wakupe dawa ya mshipani kwanza. Usiende peke yako.

BintiShela1
Dada yangu mdogo ameolewa hapo Mkomani, mumewe anakuja na mkokoteni mpaka mlangoni kwako, nitumie nambari kwa inbox. Kama huwezi kutembea utapanda huo mkokoteni.

MwanaLangoni
Nimetuma. Mume wangu yuko nami tunatoka. Kitambulisho nimechukua, SHA nilijiandikisha mwaka jana lakini sijalipa.

Kaka_wa_Barani
Chukua hivyo hivyo. Mume ndiye aongee na watu wa malipo, wewe kaa uonwe.

MswakiNaMaji
Na uwaambie saa uliyomeza Brufen ya mwisho, na amoksilini una siku ya ngapi. Chukua pakiti zenyewe.

MwanaLangoni
Ziko kwenye mkoba.