Naomba ushauri: nimweleze vipi Mwalimu Nyerere mbele ya bibi yangu aliyehamishwa mwaka 1974?

Mjukuu wa Kisomo aliandika:

Ndugu wanajukwaa, wakubwa wangu shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya kata, huku Usukumani. Kamati inayoandaa Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere imenipa jukumu la kutoa hotuba ya dakika ishirini tarehe 14 Oktoba, mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, wazazi wao, na wazee wa kijiji walioalikwa. Nilikubali kwa moyo mmoja, maana ni kiongozi niliyemsoma na kumfundisha kwa miaka tisa. Kinachonikwamisha ni kwamba katika mstari wa mbele wa viti vya wazee atakaa bibi yangu mzaa mama.

Bibi alihamishwa mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwakusanya watu waliotawanyika waishi pamoja vijijini. Mgambo walifika asubuhi na lori, wakasema kufikia jioni pawe patupu. Nyumba ilikuwa ya udongo, imeezekwa nyasi, na kitu pekee cha nyumba ambacho babu aliwahi kuking'oa ni mlango wa mninga. Lori lilikuwa moja kwa kaya sita, kwa hiyo mtama mwingi uliachwa ndani ya kihenge. Mama yangu alikuwa na umri wa miaka miwili, yuko mgongoni. Walishushwa mahali penye vigingi vilivyopigwa kwa mstari kuonyesha kila kaya itajenga wapi, wakalala chini ya mkwaju. Babu aliporudi kesho yake kuufuata mtama alikuta nyumba na kihenge vimechomwa moto ili mtu asije akarejea. Ule mlango upo mpaka leo; ndio mlango wa jiko la bibi, na bawaba zake bado ni zilezile.

Lakini katika kijiji hichohicho alichopelekwa bila kuulizwa, ndiko bibi alikojifunza kusoma. Alihudhuria kisomo cha watu wazima jioni baada ya kazi za shamba, akafaulu hatua ya tatu, baadaye ya nne, na cheti chake amekikunja ndani ya Biblia. Mama yangu alianza darasa la kwanza katika shule iliyojengwa hapo, karibu kiasi kwamba aliisikia kengele akiwa nyumbani, wakati huko walikotoka hapakuwa na shule ambayo mtoto wa miaka saba angeweza kuifikia kwa miguu. Mimi nimekuwa mwalimu kwa sababu mama yangu alisoma. Picha ya Mwalimu ipo ukutani kwa bibi, na hata tulipompakia nyumba rangi alitusimamia ili irudishwe mahali pake.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mambo ambayo kila mtu anayatarajia: uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, ukombozi wa kusini mwa Afrika, vita vya Kagera, na kung'atuka kwake mwaka 1985, neno ambalo yeye mwenyewe alituletea kutoka Kizanaki. Nilipoisoma kwa sauti nikagundua kuwa habari yote ya vijiji nimeimaliza kwa sentensi moja: "Wananchi walihamia katika vijiji ili wapate huduma za jamii." Neno "walihamia" limeninyima usingizi. Bibi hakuhamia. Alihamishwa.

Mjumbe mmoja wa kamati ameniambia kwa nia njema kwamba siku hiyo ni ya kumuenzi, si ya kumpima. Je, nikilisema jambo hili nitakuwa nimemkosea heshima Baba wa Taifa, na nikilinyamazia nitamtazama vipi bibi yangu? Naomba kuwasilisha.

Mstaafu wa UPE alijibu:

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Mimi ni mmoja wa vijana waliomaliza darasa la saba wakapelekwa kufundisha huku wakijifunza ualimu kazini, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuagiza kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, mpango tuliouita UPE. Nimefundisha katika kijiji cha aina hiyohiyo, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Ushauri wangu ni kwamba usimtafutie Mwalimu mtetezi wala mshitaki kutoka nje, maana yeye mwenyewe ametuachia maneno ya kumpimia. Siasa ya vijiji vya ujamaa ilipotangazwa mwaka 1967, msingi wake ulikuwa hiari. Mwaka 1968, katika andiko lake la "Uhuru na Maendeleo", alieleza kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, bali hujiendeleza wenyewe, na kwamba kiongozi anapaswa kushawishi na kuonyesha mfano. Kisha Novemba 1973 akatoa agizo kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kazi hiyo ikamilike kabla ya mwaka 1976 kwisha. Waeleze wanafunzi mambo hayo mawili kwa mfululizo, kisha waulize ni nini kilichotokea kati ya 1968 na 1973 hata mtu yuleyule akatoka kwenye hiari akafika kwenye amri. Hilo ni swali la historia hasa, na kijana wa kidato cha nne analiweza.

Majibu unayo: haraka ya kutaka shule, zahanati na maji viwafikie watu waliotawanyika, kasi ndogo ya waliojiunga kwa hiari, na viongozi wa ngazi za chini walioshindana kupeleka taarifa kwamba kwao kazi imekwisha. Usisahau kwamba ukame wa miaka ile ulikuta mashamba ya zamani yameachwa na mapya hayajafyekwa vizuri, hata nchi ikalazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje.

Na hili ulitaje bila woga: Mwalimu alikuwa anakiri makosa. Serikali za mitaa zilizofutwa mwaka 1972 na vyama vya ushirika vilivyovunjwa mwaka 1976, baadaye alisema hadharani kwamba asingevigusa kama angeanza upya. Ukisema alikosea, unasema jambo ambalo yeye hakulionea aibu.

Kuhusu kisomo, usikipitie haraka. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa nchi nzima. Nakumbuka kikundi cha redio kijijini kwetu wakati wa kampeni ya "Chakula ni Uhai": akina mama wamekaa kwenye mikeka, redio moja juu ya kiti, na mmoja wao, aliyekuwa hajui herufi mwaka uliotangulia, anasoma kijitabu kwa kidole, neno baada ya neno, huku wengine wamenyamaza kabisa. Sijawahi kuona ukimya kama ule darasani kwangu.

Mlezi wa Vijana alijibu:

Nawasalimu wote. Mimi natofautiana kidogo na mzee wetu, na naomba nieleweke.

Wanafunzi wako wamezaliwa zaidi ya miaka ishirini baada ya Mwalimu kuondoka madarakani. Ukiwapa dakika ishirini na ndani yake ukaweka nyumba inayoungua, watakumbuka moshi tu. Hawatakumbuka kwamba kijana huyu wa Butiama, aliyezaliwa mwaka 1922, aliiacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU, mwaka uleule alioenda New York kuidai haki ya Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Hawatakumbuka mkutano wa Tabora wa Januari 1958, alipowashawishi wenzake waingie katika uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ambao wengi waliuona ni fedheha, na kwa uamuzi ule TANU ikashinda badala ya kususia na kuachwa nje. Hawatajua kwa nini wapigania uhuru wa Msumbiji na wa Afrika Kusini walipewa makambi Kongwa, wala kwa nini mtoto wa Kisukuma na mtoto wa Kimakonde wanakaa dawati moja wakizungumza Kiswahili pasipo kuulizana kabila.

Mimi nisingeyaficha ya vijiji, lakini ningeyaweka darasani, kwenye somo lako la historia, ambako kuna muda wa maswali. Mahali pa kumbukumbu pana adabu yake. Hata katika msiba wa mtu wa kawaida hatusimami kaburini kuhesabu madeni yake.

Mjukuu wa Kisomo alijibu:

Nashukuru sana, kaka. Hoja ya Tabora naichukua. Sikuwa nimeiweka, na kwa kweli inaonyesha akili yake ya kisiasa kuliko tarehe zote nilizozipanga.

Lakini mfano wa msiba umenifanya nifikiri zaidi. Msibani tunanyamaza kwa sababu wafiwa wamekaa pale. Katika mkutano huu bibi yangu na wenzake ndio wenyeji wa jambo, na darasani kwangu hawaingii. Nikiyapeleka darasani, nitakuwa nimewaambia watoto kuhusu wazee wao bila wazee kuwapo.

Wa Isimani alijibu:

Mwalimu, natoka Iringa, na kwetu habari hii ina jina na tarehe. Siku ya Krismasi, 25 Desemba 1971, mkuu wa mkoa Dk. Wilbert Kleruu alipigwa risasi na kufa katika shamba la mkulima Saidi Mwamwindi, katika mvutano uliotokana na utekelezaji wa ujamaa Isimani. Mwamwindi alijisalimisha polisi, akahukumiwa, akanyongwa. Wapo wanaomlilia mmoja na wapo wanaomlilia mwingine, na katika familia moja unaweza kuwakuta wote.

Nimeyaleta haya kwa sababu moja tu. Usiseme kwamba wananchi walikubali kimya kimya, na usiseme kwamba waliotekeleza walikuwa watu waovu. Dk. Kleruu alikuwa msomi aliyeiamini siasa ile. Palikuwa pia na sheria ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na tangu mwaka 1965 chama kilikuwa kimoja, hivyo mtu aliyepinga hakuwa na mahali pa kupeleka neno lake. Hapo ndipo mimi ningetulia katika hotuba, kwa sababu kosa la vijiji lilikua kubwa kwa kukosa mtu wa kumwambia Mwalimu "hapana" mapema, akasikika.

Mama Wawili alijibu:

Nimesoma yote kwa makini, na nimeona kila mtu anamshauri mwalimu kuhusu bibi yake. Naomba niulize: bibi mwenyewe ameulizwa?

Ni yeye aliyepoteza nyumba na ni yeye aliyepata cheti. Wewe, mwanangu, umeyapokea masimulizi yake ukiwa jikoni kwake, nayo yalikuwa ya jikoni. Kuyapandisha jukwaani bila ruhusa yake ni kumhamisha mara ya pili bila kumuuliza, na nalisema kwa upole kabisa. Nenda ukae naye, mweleze ni nani watakaokuwepo, kisha umsomee rasimu yako yote, si kipande chake tu.

Mjukuu wa Kisomo alijibu, siku nne baadaye:

Wakubwa zangu, narudi na mrejesho, na kwanza naomba radhi kwa Mama Wawili, kwa sababu swali lake nilipaswa kuanza nalo.

Nilikwenda kwa bibi Jumapili. Nilimkuta anamenya karanga, nikaketi nikamsomea hotuba yote, nikiwa nimeongeza Tabora, andiko la 1968, agizo la 1973, na kisa cha kaya moja isiyotajwa jina. Alisikiliza bila kuacha kumenya. Nilipomaliza aliuliza katika dakika ishirini vijiji nimevipa ngapi. Nikasema nne. Akasema, "Ongeza."

Kisha akanipa masharti. La kwanza, nisiseme kwamba alilia, kwa sababu hakulia; alikuwa amefunga mbegu za mtama kwenye kanga na mawazo yake yote yalikuwa kwenye fundo lile. La pili, nisimtafute aliyewasha moto. Anamjua, alishafariki, na wajukuu zake wanasoma katika shule yangu. La tatu lilinishangaza: nisiseme kwamba shule ililipa nyumba. Alisema shule anaishukuru na nyumba anaidai, na kwamba angekubali kuhama mwenyewe kama wangekuja kwanza kuzungumza na kusubiri avune. Nilimuuliza kwa nini basi picha ipo ukutani. Akajibu kwamba Mwalimu ni wa kwanza kumtaka yeye, mwanamke wa shamba, ajue kusoma, na kwamba mtu anaweza kumpenda baba na bado akamwambia alipokosea.

Nimeandika upya sehemu ile, sasa ina dakika nane. Neno "walihamia" nimelifuta. Mjumbe wa kamati ameisoma akanyamaza kidogo, halafu ameniomba nimwekee nakala, kwa kuwa mama yake naye alishushwa kwenye vigingi.

Bibi ameomba jambo moja zaidi. Aya inayohusu kisomo anataka kuisoma yeye mwenyewe, akiwa amesimama, mbele ya wanafunzi. Nimemchapia kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yake, na tangu jana jioni anaifanyia mazoezi mlangoni pa jiko, kwa kidole, neno baada ya neno.