Nalala na kisu chini ya mto tangu tuvunjiwe mlango. Naombeni ushauri

Mama Mmoja:
Habarini ndugu zangu. Naandika saa nane usiku kwa sababu usingizi umenikimbia, na hii ni wiki ya tatu.

Nina mtoto mmoja wa miaka saba. Natoka kazini saa nne usiku, na kutoka barabara kubwa hadi mlangoni kwangu ni mwendo wa dakika kumi, sehemu kubwa ni uchochoro usio na taa. Mwezi uliopita nilipigwa roba humo. Mmoja alinijia kwa nyuma akanitia mkono shingoni, mwenzake akachukua pochi na simu. Sura zao sikuziona. Nakumbuka harufu ya sigara kwenye mkono wa koti, na jinsi nilivyotaka kupiga kelele sauti isitoke. Siku kumi na moja baadaye, tukiwa tumelala, mlango ukavunjwa. Mateke mawili tu, basi. Wakabeba televisheni na mtungi wa gesi, wakaondoka wakitembea. Asubuhi majirani watatu waliniambia walisikia.

Tangu siku hiyo nalala na kisu cha jikoni chini ya mto. Mwanangu naye analala na viatu. Sikumwambia mimi, nilimkuta usiku mmoja, kamba kazifunga barabara. Nilipomuuliza akasema, "Tukikimbia nisikucheleweshe." Ndiyo nikaona niombe msaada.

Kuhama kwa sasa sina uwezo. Nauliza mambo matatu: kisu nikiache au nikizoee? Nijifunze kupigana, na kama ndiyo, nijifunze nini? Na ule mlango niufanyeje ili nilale?

Fundi Vitasa:
Pole sana dada. Naanza na mlango kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mlango ukivunjika kwa mateke mawili, mara nyingi kitasa hakina kosa. Kinachopasuka ni fremu, pale kwenye kibati ambacho ulimi wa kitasa unaingia. Kakiangalie sasa hivi. Utakuta kimeshikwa na skrubu mbili fupi, urefu wake kama ukucha wa kidole gumba, zimeng'ata ubao wa juu juu tu. Teke likija, ubao unachanika na kibati kinaruka na skrubu zake. Mtu anakwenda kununua kitasa cha bei kubwa, anakifunga kwenye fremu ileile iliyooza, kisha anashangaa.

Weka kibati kirefu zaidi, cha chuma kinene, na skrubu za sentimita 7 au zaidi zinazopita fremu na kuingia ukutani. Kama ukuta ni wa tofali, fundi atoboe na kuweka plagi za plastiki za kushikia skrubu kwanza. Bawaba nazo zifanyie hivyohivyo, upande huo huwa unasahaulika. Kama mlango unafungukia nje, pini za bawaba ziko nje, mtu anazing'oa bila kugusa kitasa, zipigwe zisitoke. Ongeza komeo la ndani juu na jingine chini, ili nguvu ya teke igawanyike sehemu tatu.

Jambo moja nakuomba: usijifungie kwa kufuli la ndani ambalo ufunguo wake hujui uko wapi gizani. Moto ukitokea, nondo za dirisha na kufuli hilo ndivyo vitakavyowaua. Ufunguo utundikwe mahali palepale kila siku, mtoto aufikie, lakini mkono wa mtu wa dirishani usiufikie. Mfundishe mwanao kufungua mlango macho yakiwa yamefumbwa.

Mlinzi Mstaafu:
Binti yangu, kitoe hicho kisu chini ya mto leo leo. Nimelinda usiku kwa miaka mingi, najua ninachosema.

Kisu kinahitaji uwe umeamka, umesimama, unaona, na uwe tayari kukizamisha kwenye mwili wa mtu aliye karibu kiasi cha kukushika mkono. Wewe utakuwa umelala. Hapo mtoto naye ameshtuka gizani na anakuja kitandani kwako, na wewe mkononi una kisu. Mara ngapi chombo cha mwenye nyumba kimegeuzwa kikamrudia mwenyewe.

Na huko uchochoroni, ukimwona mtu mwenye kisu usidhani mita chache zinakusaidia. Mwaka 1983 askari polisi wa Marekani, Dennis Tueller wa mji wa Salt Lake City, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anamaliza umbali wa mita 6 na kitu kwa sekunde moja na nusu hivi. Kabla hujajua unafanya nini amekufikia. Anayetaka simu, mpe simu. Ikiwezekana irushe upande mmoja, wewe kimbilia upande wa pili kwenye watu. Nguvu zako ziweke kwa ajili ya anayetaka kukupeleka mahali au anayekutaka wewe mwenyewe. Huyo usimfuate hata hatua moja, pigana palepale.

Komeo la Chuma:
Nunua mbwa mkali, habari imeisha.

Mama Mmoja:
Mwanangu ana pumu, mbwa hawezi kukaa ndani. Asante lakini.

Mwalimu wa Judo:
Dada, jifunze. Hutafanywa shujaa, ila mwili wako utajua la kufanya wakati akili imeganda. Sauti kutotoka siyo udhaifu wako, mwili wa binadamu ukiogopa ghafla unaweza kuganda, na hata mwanamume mwenye misuli hutokewa na hilo. Ndiyo maana kwenye mazoezi ya maana mnafundishwa kupiga kelele kwanza, tena na tena, mpaka itoke yenyewe.

Umeuliza mchezo gani. Usihangaike sana na jina. Krav Maga, kwa mfano, ile mbinu ya kujihami ya Israeli, ilianzishwa na Imi Lichtenfeld, mpiganaji wa ngumi na mieleka aliyeona miaka ya 1930 huko Bratislava kwamba kanuni za ulingoni hazimsaidii anapovamiwa mtaani na makundi yaliyokuwa yakiwashambulia Wayahudi. Usijali umbo pia. Edith Garrud hakufika mita 1.55, naye kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia aliwafundisha jujutsu, mieleka ya kujihami ya Kijapani, wanawake wa London waliokuwa wakidai kura, waliokuwa wakikamatwa na kusukumwa na polisi. Tafuta mwalimu anayekuruhusu kufanya zoezi na mtu anayekupinga kwelikweli. Ukiona darasa ambalo kila mbinu inafaulu mara ya kwanza, ondoka.

Kuhusu roba: ukikabwa vizuri unaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hivi, kwa sababu damu haifiki kichwani. Kwa hiyo la kwanza siyo kupiga, ni kupata nafasi. Shusha kidevu kifuani, geuza uso kuelekea kwenye kiwiko chake, kwa mikono yote miwili vuta mkono wake chini kwa uzito wako wote. Hapo ndipo unapumua, ndipo unageuka. Kuusoma hapa hakutoshi, fanya na mtu mara mia.

Dada wa Zamu:
Kopo la dawa ya pilipili je? Mimi natembea nalo.

Mwalimu wa Judo:
Linafaa, lakini angalia kwanza sheria ya kwenu, kuna nchi limepigwa marufuku. Likiwa chini ya pochi ni sawa na hakuna. Upepo ukija upande wako litakuingia wewe. Ndani ya chumba kidogo mtakohoa wote, pamoja na mtoto.

Jirani wa Sita:
Wote mmesema vizuri, ila dada ameandika jambo moja mkalipita: majirani watatu walisikia. Hapo ndipo penye kidonda.

Huko Uingereza kuna mtaa wa nyumba za kupanga unaitwa Kirkholt, mjini Rochdale. Miaka ya 1980 ulikuwa unavunjwa kila leo. Waliochunguza waligundua kwamba nyumba iliyokwisha kuvunjwa ilikuwa na hatari zaidi ya mara nne ya kuvunjwa tena. Mwizi anarudi kwa sababu ameshaijua njia. Kwa hiyo waliacha kutawanya nguvu mtaa mzima, wakazielekeza kwa aliyevunjiwa: wakaimarisha milango yake, wakaondoa mita za umeme na gesi zilizokuwa zinatumia sarafu, maana sarafu zile ndizo zilizokuwa zinavutia wezi, na wakawaomba wakazi wa nyumba kama sita zinazoizunguka wawe macho kwa ajili yake. Ndani ya miaka mitatu uvunjaji ulipungua kwa robo tatu hivi.

Kwa hiyo usiitishe mkutano wa mtaa mzima. Nenda kwa hao watatu waliosikia. Usiende kuwalaumu, nao waliogopa. Waambie: nikipuliza filimbi, washeni taa zenu zote na pigeni kelele mkiwa ndani, msitoke. Mtu akiwa ndani kwake na mlango umefungwa hilo analiweza. Na taa ya uchochoro idaini pamoja. New York walipojaribu kuweka minara ya taa kwenye baadhi ya makazi ya umma mwaka 2016, uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa zaidi kidogo ya theluthi.

Mlinzi Mstaafu:
Naongeza hapo. Mkimshika mwizi, mfungeni na muite polisi. Sheria za nchi nyingi zinakuruhusu kutumia nguvu inayolingana na hatari iliyo mbele yako. Akishalala chini mikono imefungwa, hatari imekwisha, na kila pigo baada ya hapo ni kosa lako wewe.

Nesi wa Usiku:
Dada, jeraha la kisu kama limetokea: kandamiza kwa kitambaa kwa nguvu zako zote na usiachie kuchungulia. Kisu kikibaki mwilini usikichomoe.

Kuhusu wewe na mtoto, wiki tatu za kukosa usingizi baada ya yaliyowapata siyo wazimu. Lakini hali hiyo ikivuka mwezi, nendeni mkaonane na mtaalamu, wote wawili. Na viatu usimvue kwa kumgombeza. Viweke pamoja pale kando ya kitanda, mahali ambapo mkono wake unafika.

Mama Mmoja:
Narudi baada ya siku tisa.

Fundi alikuja. Zile skrubu kazitoa kwa mkono bila bisibisi, akaniwekea kiganjani. Sasa kuna kibati kirefu na makomeo mawili, na mwanangu anafungua yote macho yamefumbwa, amejipigia hesabu ni sekunde tisa. Nimeanza mazoezi Jumamosi, sauti ilitoka jaribio la nne, nikalia hapo hapo.

Majirani wawili kati ya watatu wamekubali. Wa tatu hakufungua mlango. Juzi usiku mama wa nyumba ya nyuma alipuliza filimbi yake, taa za nyumba nne zikawaka, tukapiga masufuria. Walikuwa watu wawili, wakaondoka mbio.

Kisu kiko jikoni. Viatu viko kando ya kitanda, kamba hazijafungwa.